Meno ya Bandia Yaliyoivishwa kwa Maikrowevu

Tangu tulipogusia katika safu hii kwamba baadhi ya maabara za meno huivisha ufizi wa bandia ndani ya tanuri la maikrowevu kwa muda wa dakika tatu hivi, badala ya kuutia katika maji ya moto usiku kucha, barua za wasomaji zimemiminika, na aghalabu swali ni lile lile: je, meno hayo hayabaki na mionzi, na anayeyavaa hajitakii saratani?

Hayabaki na chochote. Mawimbi hayo, yatikisikayo mara milioni 2,450 kwa sekunde, ni ya jamii moja na mawimbi ya redio, na nguvu ya chembe yake moja imepungukiwa zaidi ya mara 300,000 na ile ihitajiwayo kukata kifungo baina ya atomi mbili za kaboni. Tanuri likizimwa, yamekwisha, kama mwanga usivyosalia chumbani taa ikizimwa. Basi yeyote ajaye kukuuzia dawa ya “kutoa mionzi” menoni ni tapeli, wala sioni jina la adabu zaidi la kumwita.

Illa yanayojiri ndani ya kalibu yastahili kuelezwa kwa kituo. Fundi huchanganya unga wa akriliki, ambao tayari ni polima, na kioevu chenye harufu kali kiitwacho methakrilati ya methili, hata vikawa donge laini lisilonata vidoleni, ndipo akalishindilia katika kalibu ya jasi. Katika unga huo mna peroksidi ya benzoili kidogo, ambayo ikipata joto hupasuka vipande vyenye uchu wa kushikamana. Kila kipande hudaka molekuli ya kioevu, nayo ikadaka ya pili, na ya pili ikadaka ya tatu, hata ukapatikana mnyororo wa pingili maelfu. Kwa njia ya kale, kalibu hufungwa katika chombo cha shaba na kuzamishwa katika maji ya nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa nane au tisa, kwani joto halina budi kupenya shaba, kisha jasi, ndipo lilifikie donge. Na fundi akifanya pupa, maadamu kule kuungana kwenyewe huzaa joto zaidi, kioevu, ambacho huchemka kwa nyuzi 100 hivi, hutokota kingali ndani, na ufizi ukatoka umejaa vitundu, hasa penye unene.

Maikrowevu hayangoji. Molekuli za kioevu, zenye ncha moja ya chaji chanya na nyingine hasi, hujaribu kuufuata uwanja wa umeme unaogeuka bila kupumzika, na katika kuhangaika huko zikasuguana na kupata joto donge zima kwa pamoja. Tena, kwa kuwa hugeuka kwa wepesi kuliko minyororo iliyokwisha kuganda, sehemu kubwa ya nguvu huziendea zile ambazo bado hazijaungana. Nishii, mtafiti wa Kijapani, alikwisha kuyachapisha majaribio yake mwaka 1968, lakini shaba huyarudisha mawimbi, na kazi haikupata wepesi hata vilipotengenezwa vyombo vya plastiki yenye nyuzi za kioo.

Hata wataalamu wamepata kudai kwamba mawimbi haya yana siri nyingine zaidi ya joto. Lakini Oliver Kappe na wenzake wa Graz, Austria, walitangaza mwaka 2009 kwamba walipotumia chombo cha silikoni kabaidi, kinachoyameza mawimbi na kupitisha joto tu, mimenyuko ya kikemia waliyoipima ilitoa matokeo yale yale ya chombo kinachoyapitisha mawimbi; basi kazi ni ya joto tu.

Penye hatari ya kweli hapana anayeuliza: ni kile kioevu kilichosalia bila kuungana, ambacho huwasha fizi na kuwadhuru wenye mzio, na ambacho huzidi katika akriliki inayogandishwa bila joto. Anayetaka kukugandishia donge hilo kinywani penye kibanda chake, kwa bei ya nusu, mkimbie.

Meno mapya yalowekwe majini siku moja au mbili kabla ya kuvaliwa. Usiyachemshe, wala usiyatie katika tanuri la jikoni pasipo agizo la daktari, na yenye vishikizo vya chuma usiyatie kabisa. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kipelekwe hospitali.