Muziki: "My Funny Valentine" ya Miles Davis, tamasha la hisani lililozaa albamu kubwa

Panapozungumzwa albamu za tarumbeta zilizorekodiwa mbele ya watu, "My Funny Valentine" ya Mmarekani Miles Davis haikosi kutajwa. Ilirekodiwa tarehe 12 Februari 1964 katika ukumbi wa Philharmonic Hall, mjini New York.

Mapato ya tamasha hilo yalikuwa ya kusaidia kuandikisha wapiga kura weusi katika majimbo ya Mississippi na Louisiana. Huko kusini mwa Marekani, mtu mweusi aliyekwenda kujiandikisha aliwekewa mitihani ya kusoma na kutishwa. Wengine walipoteza kazi, hata maisha.

Lakini kabla ya kupanda jukwaani kulizuka mzozo. Katika kitabu cha maisha yake, Miles anasimulia kwamba baadhi ya wanamuziki wake walikasirika kusikia watapiga bila malipo. Yeye alikuwa na jina na pesa, wao walikuwa bado vijana. Tony Williams, mpiga ngoma, alikuwa na miaka 18, na Herbie Hancock wa piano 23. Ron Carter wa besi na George Coleman wa saksofoni hawakuwa wamefika 30. Kwa maoni ya Miles, hasira hiyo ndiyo iliyowasha moto.

Moto huo unasikika. Mwaka 1956, Miles aliurekodi wimbo wa "My Funny Valentine" studioni kwa karibu dakika 6. Usiku huu unachukua karibu dakika 15. Tarumbeta linaanza taratibu, piano ikiwa pembeni. Linanyamaza, linapanda ghafla, kisha linashuka kama mtu anayeongea na nafsi yake. Wenzake wanaongeza kasi na kupunguza pamoja naye, bila kupotezana. Katika "Stella by Starlight", mtu mmoja ukumbini anashindwa kujizuia, anapiga kelele. Sauti yake imebaki kwenye diski hadi leo.

Hancock alisimulia baadaye kwamba walitoka jukwaani wakidhani wameharibu. Waliposikiliza rekodi, walishangaa.

Albamu ilitoka mwaka 1965, mwaka uleule Marekani ilipopitisha sheria ya kulinda haki ya weusi kupiga kura. Nyimbo za kasi za usiku huo zilitoka mwaka 1966 kwa jina la "Four & More". Anayetaka kusikia hasira aanze na hiyo. Anayetaka kusikia tarumbeta likilia, achukue "My Funny Valentine".