Kachinja, Dracula na hofu inayostahili kitabu

Wengi waliokulia Awasi na kwingineko katika Tambarare ya Kano, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya, walimjua kachinja kabla hawajalisikia jina la Dracula. Kachinja hakuvaa joho jeusi wala hakuwa na meno marefu. Alikuwa na gari. Gari hilo lilipita usiku kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho, likapunguza mwendo karibu na mtu anayetembea peke yake, na mtu huyo asionekane tena. Damu yake iliuzwa. Mnunuzi hakutajwa jina, ila kila msimulizi alikuwa na hakika kwamba ni mtu mwenye pesa na kwamba anaishi mbali.

Leo ninamtetea kachinja, nikimtetea kama hadithi na kumkataa kama habari. Hofu ya kunyonywa damu ni kongwe, na jamii zilizoipa nafasi katika fasihi zimejifunza mengi kujihusu. Zile zilizoiacha izurure vijijini kama uvumi zimeishia kuzika watu wasio na hatia.

Makaburi yaliyofukuliwa

Ulaya ilipitia huko mapema. Katika miaka ya 1720 na 1730, vijiji vya Serbia vilivyokuwa chini ya utawala wa Austria vilifukua makaburi ya watu walioshukiwa kutoka usiku kunyonya walio hai. Ripoti ya maafisa wa jeshi ya mwaka 1732 kuhusu marehemu mmoja, Arnold Paole, ilisomwa bara zima. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa, baada ya kushauriwa na daktari wake Gerard van Swieten, alipiga marufuku ufukuaji huo.

Marekani nayo haikusalimika. Mwaka 1892, mjini Exeter katika jimbo la Rhode Island, familia moja ilikuwa ikiteketea kwa kifua kikuu. Majirani walifukua mwili wa binti aliyeitwa Mercy Brown, wakauchoma moyo wake, na majivu yake akanyweshwa kaka yake mgonjwa. Kijana huyo alifariki vilevile. Ilikuwa imepita miaka 10 tangu Robert Koch atangaze kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Sayansi ilikuwa na jibu tayari, lakini halikuwa limefika kwenye nyumba iliyolihitaji.

Fasihi ndiyo iliyoipa hofu hiyo njia nyingine. Juni 1816, kando ya Ziwa Geneva, kundi la vijana Waingereza lilifungiwa ndani na mvua na baridi isiyo ya kawaida, iliyotokana na mlipuko wa volkano ya Tambora nchini Indonesia mwaka uliotangulia. Mshairi Byron akawapa changamoto: kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary Shelley akaanza Frankenstein, iliyochapishwa 1818. Kutokana na mashindano yaleyale, John Polidori, daktari wa Byron, akaandika The Vampyre, iliyotoka 1819. Kabla yake, mnyonya damu alikuwa maiti ya mwanakijiji, imevimba na kuoza. Polidori akamfanya bwana mkubwa anayealikwa karamuni, mtu wa maneno matamu na nguo nzuri.

Badiliko hilo ndilo siri ya maisha marefu ya hadithi hizi. Bram Stoker, Mwairishi, alilikamilisha mwaka 1897 kwa riwaya ya Dracula. Dracula wake ni mwenye ngome na ardhi, anayetumia mawakili kununua nyumba London. Tena hawezi kuingia nyumba yoyote mara ya kwanza asipokaribishwa na mtu wa mle ndani. Msomaji wa Kano anaielewa kanuni hiyo bila mwalimu, kwa kuwa watu walioturudisha nyuma sana tuliwafungulia mlango wenyewe, tukawawekea kiti na chakula.

Reli, gari jekundu na shimo

Dracula ilipochapishwa, reli kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa kuelekea huku. Ilifika Kisumu Desemba 1901. Pamoja na kodi ya kibanda ya mkoloni, ikawachukua vijana wa ziwani hadi Nairobi, Mombasa na Kampala kutafuta kazi. Waliporudi, walileta habari za wazimamoto: watu wa sare na magari mekundu waliodaiwa kukamata Waafrika usiku, kuwatumbukiza shimoni na kuwatoa damu ya kutengenezea Wazungu dawa.

Mwaka 1986 mwanahistoria Luise White aliketi na wazee wa Siaya, wengi wao wakiwa wamewahi kufanya kazi mijini, akayaandika masimulizi hayo. Kitabu alichokitoa mwaka 2000 kinayafuatilia hadi Uganda, Kongo na Zambia ya leo. White hakuwacheka wazee wake. Hakuuliza kama wazimamoto walinyonya damu kweli. Aliuliza watu walikuwa wakisema nini kuhusu maisha yao kwa kupitia hadithi hiyo. Dola iliyokuwa ikichukua nguvu za vijana, ikawarudisha wamechoka na senti chache mfukoni, ilifanya nini kama si kunyonya?

Hata hivyo, uvumi ulikuwa na gharama yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mahakama ya Uganda ilimfunga mtu miaka 3 kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwa zimamoto wa Kampala. Aliamini soko lipo. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, ghasia zilizotokana na hofu ya mumiani, ndugu wa kachinja, zilimuua askari polisi.

Sindano na maswali

Ziwani kwetu, kachinja hakuondoka na mkoloni. Kwa miongo kadhaa, watafiti wa taasisi ya KEMRI iliyoko Kisian na wenzao wamepima damu za watoto na watu wazima. Faida zake zinaonekana: vyandarua vyenye dawa vilithibitishwa Asembo na Gem kuwa vinaokoa watoto, na chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ilijaribiwa Siaya na Kombewa miongoni mwa vituo vyake. Damu kidogo ya watoto wa ziwani imeokoa watoto wa mbali, na heshima hiyo ni yao.

Lakini mtaalamu wa anthropolojia Wenzel Geissler, katika makala yake ya mwaka 2005 kuhusu kijiji kimoja cha Wajaluo, alionyesha jinsi watu wa utafiti walivyoitwa kachinja. Wazazi walitaka kujua damu ya mtoto inapelekwa wapi, inafanyiwa nini, na nani anafaidika. Hayo ni maswali ya haki kabisa. Mtu akikosa wa kumjibu, hadithi humjibu.

Ikimjibu vibaya, watu hufa. Mwaka 2017, wilaya za Mulanje na Phalombe nchini Malawi zilikumbwa na uvumi wa wanyonya damu. Makundi yenye hasira yaliua watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake. Hakuna mnyonya damu aliyepatikana. Walioanguka ni majirani, wapita njia na wageni.

Tunao waandishi wa kutuongoza

Wapo waliotuonyesha namna ya kuitumia hofu hii vyema. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa mwandishi, aliitia hadithi ya Tekayo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968. Tekayo ni mchungaji anayeonja ini lililoangushwa na tai. Ladha ile haimtoki. Anaua mnyama baada ya mnyama akiitafuta, hadi anaipata kwa wajukuu zake mwenyewe. Hakuna ngome wala popo hapa. Yupo babu anayeaminiwa na kila mtu, na watoto wanaoachwa chini ya ulinzi wake. Sijasoma hadithi ya Ulaya inayotisha kuipita.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika kwenye karatasi za choo riwaya tuliyoisoma kwa Kiswahili mwaka 1982 kama Shetani Msalabani. Mmoja wa matajiri wake, Kimeendeeri, anapanga kuwafungia wafanyakazi na kuwakamua jasho, damu na ubongo, kisha kusafirisha mavuno hayo ng'ambo kwa mabomba. Huyu ni kachinja kabisa, ila sasa ana jina, ana kampuni, na msomaji anaweza kubishana naye.

Hapo ndipo ninapoiona faida ya fasihi ya kutisha. Uvumi unamnyooshea kidole mgeni wa kwanza anayepita. Riwaya inamlazimisha msomaji kukaa na mnyonyaji kurasa mia mbili, amjue tabia yake, aone mlango aliopitia na nani alimfungulia. Mkulima wa miwa anayesubiri malipo yake miezi na miezi, mama wa soko anayekatwa riba na mkopo wa simu usiku wa manane, kijana aliyelipa wakala pesa za kumpeleka kazini Ghuba akaishia kunyang'anywa pasi: hawa wanaishi ndani ya hadithi ya kachinja ambayo haijaandikwa.

Iandikwe. Walimu wa Kano wawape wanafunzi insha ya kachinja, na badala ya kuwafuta machozi ya hofu kwa kusema hayupo, wawaulize: damu inanunuliwa na nani, na kwa bei gani? Wachapishaji wanaojaza rafu kwa tafsiri za kutisha za ng'ambo wawape nafasi waandishi wa ziwani. Watafiti na serikali za kaunti nao wazungumze na watu kabla ya sindano, na warudi baada ya matokeo. Watoto wa Kano wataendelea kuogopa gari la usiku, kama watoto wote wanavyoogopa kitu. Ni wajibu wetu kuhakikisha hofu hiyo inawafundisha kumtambua anayewanyonya kweli, ili wasije wakamrushia mawe asiyehusika.