Muumini Naye Huogopa

Makanisa yetu ya mjini yamejaa watu wanaolala wakipiga hesabu. Kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi, matokeo ya kidato cha nne ya binti bado hayajatoka, daktari amesema njoo Jumatatu uchukue majibu. Jumapili watu hao hao wanasimama, wanapiga makofi, na wakiulizwa hali mlangoni wanajibu kwamba wazima, Bwana asifiwe. Hawasemi kwamba wanaogopa, kwa sababu wameambiwa tangu utotoni kuwa hofu ni dalili ya imani haba. Fundisho hilo, kwa maoni yangu, limewatesa waumini wengi kuliko hofu zenyewe. Imani ya Kikristo ina msaada mkubwa kwa mwenye hofu, lakini msaada huo huanzia pale anapoitamka, na Biblia yenyewe inalionyesha hilo waziwazi kwa yeyote atakayeisoma bila haraka.

Mchukue Eliya. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, anawakabili manabii 450 wa Baali juu ya mlima Karmeli na kuwashinda mbele ya taifa zima. Sura inayofuata, malkia Yezebeli anamtumia ujumbe kwamba atamuua, na shujaa wa jana anatimua mbio. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa kutwa nzima, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Hapo wengi wetu tungetarajia karipio kali. Badala yake Eliya anaachwa alale. Malaika anamgusa, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena, anaamshwa mara ya pili ale kwa sababu safari ni ndefu. Baada ya siku 40 za mwendo, akiwa Horebu, ndipo anaulizwa anafanya nini pale, naye anamwaga malalamiko yake yote, kisha anayarudia neno kwa neno. Hakatizwi. Halafu anapewa kazi: arudi alikotoka, akawatie mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Anaambiwa pia kwamba wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Alikuwa amesema kwamba amebaki peke yake. Mwenye hofu karibu daima huona hivyo, na karibu daima hesabu yake huwa na makosa.

Atatokea wa kusema: mbona Maandiko yanakataza hofu mara nyingi kiasi hicho? Ni kweli, ila angalia wanaoambiwa wasiogope ni akina nani. Ni Gideoni anayepepeta ngano kwa kujificha shinikizoni, ni Mariamu aliyefadhaika mbele ya malaika, ni Paulo aliyekiri kwamba alifika Korintho akiwa na hofu na kutetemeka. Neno hilo husemwa kwa mtu ambaye tayari anatetemeka, na mara nyingi hufuatwa na sababu: hayuko peke yake. Na Gethsemane, Yesu mwenyewe aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye, akasali kikombe kimwepuke. Anayeifanya hofu kuwa dhambi atapata kazi kubwa kueleza usiku ule.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni wa Martin Luther King. Mwezi Januari 1956, huko Montgomery nchini Marekani, alikuwa mchungaji wa miaka 27 mwenye mtoto mchanga, akiongoza mgomo wa Weusi dhidi ya ubaguzi kwenye mabasi. Usiku mmoja ikaingia simu ya vitisho, si ya kwanza, na usingizi ukamruka. Akaenda jikoni, akachemsha kahawa, akakaa mezani akifikiria namna ya kujiondoa bila kuonekana mwoga. Kisha akasali kwa sauti, akikiri kwamba anaogopa na nguvu zimemwishia. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba utulivu ulimjia baada ya kukiri huko. Siku chache tu zikapita, nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wakiwa ndani. Walinusurika, naye akasimama barazani akautuliza umati uliokuja na silaha kulipiza kisasi.

Mwenye shaka atasema hapo hakuna muujiza. Kusema linalokusumbua hutuliza moyo, na mshauri nasaha yeyote anajua. Sehemu ya hoja hiyo naikubali kabisa. Asiyelala wiki nzima, ambaye moyo humwenda mbio bila sababu, aende hospitali, na sala haimzuii kwenda. Lakini imani inaongeza jambo ambalo ushauri pekee hauliahidi: kwamba hata kile unachokiogopa kikitokea, hujatupwa. King aliuawa kwa risasi Memphis, Aprili 4, 1968. Kama sala ya jikoni ingekuwa mkataba wa usalama, ingekuwa imevunjika. Ndiyo maana nawaonea huruma wanaouziwa mafuta ya upako kama bima ya ajira au ndoa. Siku jambo lisipotokea, wanapoteza na imani pia.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba dini hulisha hofu ili ivune. Afrika Mashariki hatuwezi kulikwepa baada ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya watu walioingizwa msituni wafunge hadi kufa kwa tumaini la kumwona Yesu. Kabla ya hapo walikuwa wamefundishwa kuikimbia shule na hospitali. Kipimo kinaonekana humo humo: mafundisho yale yaliwatenga watu na kila aliyeweza kuwasaidia. Eliya alirudishwa kwa watu.

Kazi hiyo ya kurudisha watu hufanyika kimyakimya katika jumuiya ndogo ndogo. Zinakutana nyumbani kwa mmoja wao, viti vya plastiki vikiazimwa kwa jirani. Injili ikishasomwa, kila mmoja hutaja nia yake: mtoto anafanya mtihani, mume hajalipwa miezi mitatu, uvimbe haujajulikana ni wa nini. Wanasali, kisha mweka hazina anafungua daftari la michango. Kabla ya kuagana, mtu mmoja amekumbuka binamu anayefanya kazi maabara, mwingine ameahidi kumsindikiza mama kliniki. Uvimbe uko pale pale, ila mama hataketi kwenye benchi la hospitali peke yake.

Ibada zetu kubwa zingeweza kujifunza hapo. Wakati wa ushuhuda, maikrofoni hupewa aliyekwisha kupona, aliyekwisha kupata kazi, aliyekwisha kuolewa. Anayesubiri bado hukaa kitini, ingawa yeye ndiye anayeamini bila kuona. Angepewa naye dakika tatu, bila mchungaji kumharakisha afike kwenye ushindi.