Tanzia Machoni pa Mhusika Mdogo

Tanzia ya kale humfuata mkuu anayeanguka: mfalme, malkia, mwana wa mfalme. Wajumbe, mayaya, askari na marafiki huingia jukwaani kuleta habari au kupokea amri, kisha hutoka. Tanzia inaposimuliwa upya na mhusika mdogo, anayetoka ndiye anayefuatwa. Wahakiki huiweka mbinu hii chini ya mwingilianomatini, yaani matini moja kujengwa juu ya nyingine.

Mfano mashuhuri umetokana na Hamlet ya William Shakespeare, iliyoandikwa karibu na mwaka 1600. Rosencrantz na Guildenstern ni marafiki wa Hamlet tangu utotoni. Mfalme Claudius, aliyemuua baba yake Hamlet, huwaita wampeleleze mwenzao, kisha huwatuma wamsindikize Uingereza na barua iliyotiwa lakiri. Barua inaamuru Hamlet auawe. Usiku, baharini, Hamlet huichukua kwa siri, huandika nyingine inayoamuru wabebaji ndio wauawe, na kuipiga muhuri wa baba yake. Mwishoni balozi kutoka Uingereza hutangaza kifo chao, lakini jukwaa limekwisha jaa maiti za wakubwa na hakuna anayewalilia.

Tom Stoppard, Mwingereza aliyezaliwa Chekoslovakia mwaka 1937, aliwapa wawili hao tamthilia nzima, Rosencrantz and Guildenstern Are Dead, iliyoonyeshwa Edinburgh mwaka 1966 na London mwaka 1967. Inaanza wakiwa safarini, wakirusha sarafu inayoangukia upande uleule zaidi ya mara 80 mfululizo. Wanachokumbuka ni kwamba mjumbe aliwagongea alfajiri, wakaitika wito. Mambo ya Hamlet huwapitia vipandevipande, kama ugomvi unaosikika chumba cha pili. Chomboni Stoppard anaongeza tendo zito: wanaifungua barua ya kwanza, wanaona rafiki yao anapelekwa kuuawa, wanajadiliana, kisha wananyamaza. Baadaye wanaifungua ya pili na kukuta kifo chao wenyewe.

Mbinu hii husimama juu ya mambo matatu. Kwanza, mwisho haubadiliki. Hadhira inaujua, mhusika haujui, na hapo ndipo uchungu unapozaliwa. Pili, maarifa hupungua: mtumishi hupewa amri bila sababu zake. Tatu, lawama hugawanywa upya. Kwa Shakespeare haijulikani kama wawili hao walijua kilichomo baruani. Kwa Stoppard wanajua, na kimya chao ni kosa.

Wakati mwingine mhusika hurudishiwa sauti iliyopuuzwa. Katika Agamemnon ya Aeschylus, iliyoonyeshwa Athens mwaka 458 K.K., Kasandra ni mateka wa Troya anayetabiri kuuawa kwake bila kueleweka, kisha anaingia ndani kufa. Mwandishi wa Ujerumani Mashariki, Christa Wolf, alimfanya msimulizi wa Kassandra mwaka 1983: akingoja kifo mbele ya lango la Mycenae, anavieleza vita vya Troya kama alivyoviona binti wa walioshindwa.

Wasomaji wa Kiswahili wanayo Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, yenye bawabu anayeamshwa na hodi asubuhi baada ya Mfalme Duncan kuuawa. Shakespeare anampa sehemu ya onyesho moja tu. Usimulizi upya ungeanzia kwake: komeo mkononi, akiwafungulia wageni nyumba ambayo bado hajui kuwa ina maiti ya mfalme.