Aliyepewa lifti hakudandia gari

MIAKA kadhaa iliyopita, habari ya ajali ilinifikia mezani usiku, muda mfupi kabla ya gazeti kwenda mitamboni. Mwandishi alisema kuwa miongoni mwa waliofariki ni kijana “aliyedandia lori”. Niliipitisha. Kesho yake baba wa marehemu alipiga simu. Hakulalamikia jina wala umri. Alitaka kujua ni nani aliyetuambia kwamba mwanawe aliiba safari, ilhali dereva mwenyewe ndiye aliyesimama akamwita apande.

Mzee yule alikuwa na haki, na kosa lilikuwa langu.

Kudandia ni kurukia chombo na kujishikilia ili kikubebe, aghalabu bila ridhaa ya mwenyewe. Vijana wanaong’ang’ania nyuma ya malori yanapopanda mlima polepole, hao wanadandia. Ndiyo maana neno hili likitumiwa kwa mafumbo huwa na lawama ndani yake. Mwanasiasa hudandia hoja ya mwenzake. Nao ndugu zetu wa Tanzania humwambia anayeingilia mazungumzo asiyojua yalikoanzia kwamba amedandia treni kwa mbele. Kote huko hakuna aliyekaribishwa.

Lifti ni kinyume chake. Huombwa, na mwenye gari ana hiari ya kuitoa au kukataa. Wapo wanaolichukia neno hili kwa kuwa limetoka kwa Kiingereza, na kwamba ndilo hilo hilo la chombo kinachopandisha watu ghorofani. Mimi sioni tatizo. Kitenzi huondoa utata: ya jengo hupandwa, ya gari huombwa na kupewa. Ukisoma kwamba fulani “alipewa lifti hadi Voi”, huwezi kudhani alikuwa ghorofani. Lakini akitozwa hata Sh50, hiyo si lifti tena, amelipa nauli.

Vijana wa mijini nao husema wamesafiri “sare”, yaani bila malipo. Katika Kiswahili sanifu sare ni mavazi ya namna moja, au matokeo ya mechi isiyo na mshindi. Tunayo bure na bwerere, yanatosha.

Tahadhari pia kwa watafsiri. Wazungu huomba lifti kwa kuinua dole gumba, na nimeona tafsiri zilizobeba ishara hiyo kama ilivyo. Kwetu msafiri hunyoosha mkono na kuupunga, kiganja kikielekea chini. Ukimwinulia dereva wa Kenya dole gumba, huenda akadhani unamsifu, akupigie honi na kwenda zake.

Na mwandishi asiyejua marehemu aliingiaje garini asikisie. Aandike kwamba alikuwa akisafiri kwa lori hilo, basi.