Tarishi Hafuati Mwezi: Neno Juu ya Hedhi na Homoni

Msafiri atokaye Kilifi kuelekea Malindi hupita Matsangoni kabla ya kufika Gede. Ni mahali pa minazi na mikorosho, na upande wa baharini, kule Uyombo, wavuvi hupanga kazi zao kwa kuutazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu hujua kwamba bamvua limewadia, na kwamba maji yatajaa sana na kupwa sana. Kati ya nyakati hizo mbili huja maji mafu. Hesabu hiyo waliirithi kwa wazee wao, nayo haijawahi kuwadanganya.

Hapo Matsangoni ndipo nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya fani yangu, yaani isimu. Baada ya mazungumzo, mwalimu mmoja wa kike alifungua kisanduku cha maswali, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuisoma kwa sauti kabla hajatambua inasema nini. Iliandikwa hivi: "Mara iliyopita siku zangu zilikuja baada ya siku 24. Mara hii zimekuja baada ya siku 37. Kitabu kinasema 28. Je, mimi ni mgonjwa?" Wasichana waliinamisha vichwa na wavulana wakacheka kicheko cha aibu. Mwalimu, ambaye simlaumu hata kidogo, alisema kwamba swali hilo lilikuwa la Biolojia, halikumhusu mgeni wa lugha. Akaikunja karatasi, akairudisha kisandukuni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama kweli swali lile halikunihusu. Nimefikia kuamini kwamba lilikuwa swali la lugha pia, tena kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyopenda kukiri.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Mswahili husema kwamba mwanamke yu mwezini, au ameingia mwezini, au yumo katika siku zake. Binti apatapo damu ya kwanza, husemwa kwamba amevunja ungo. Neno hedhi tumelipokea kutoka Kiarabu, na aghalabu twalisikia katika mafunzo ya dini, panapozungumzwa twahara na ibada. Wala si sisi peke yetu tulioufungamanisha mwili wa mwanamke na mwezi, kwa maana hata Kiingereza kimelichota jina la jambo hili katika neno la Kilatini lenye maana ya mwezi. Maneno haya yana heshima na sitira, na sina nia ya kuyatupa. Hata hivyo, yana upungufu mmoja mkubwa. Yanatufanya tuamini kwamba mwili wa mwanamke unaendeshwa na kalenda.

Lau ingekuwa hivyo, wanawake wote wa Matsangoni wangeingia mwezini siku moja, kama ngalawa zote zinavyopwelewa kwa wakati mmoja maji yanapotoka. Lakini twajua kwamba katika boma moja, mama, binti na shangazi kila mmoja ana siku zake. Mwezi wa mbinguni nao huchukua takriban siku 29 na nusu kutoka mwandamo hadi mwandamo, ilhali kitabu cha shule chataja siku 28, na binti yetu alihesabu 24, kisha 37. Ni dhahiri kwamba mtoa amri yumo ndani ya mwili wenyewe.

Mtoa amri huyo hasemi ila kwa kupitia wajumbe. Mnamo 1905 mwanafiziolojia wa Uingereza, Ernest Starling, akihutubu mjini London, aliwapa wajumbe hao jina la homoni, alilolitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Kiswahili kimeliazima jina hilo kama lilivyo, na si vibaya. Lakini mwalimu anayetaka kueleweka ana neno jingine karibu naye, nalo ni tarishi. Tarishi ni mtu anayetumwa kupeleka ujumbe kutoka mahali hadi mahali. Homoni ni tarishi wa mwili, na njia yake ni damu.

Safari yenyewe ni hii. Chini ya ubongo mna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo hupeleka ujumbe kwa vipindi vifupi vifupi hadi kwenye tezi ya pituitari, iliyo na ukubwa wa punje ya mbaazi. Pituitari nayo hutuma matarishi wawili katika ovari. Wa kwanza huvichochea vifuko vya mayai vikue, na kwa kawaida kimoja huvipita vingine. Kifuko hicho kinapokua hutoa homoni ya estrojeni, nayo huujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba, ukawa mnene na wenye damu ya kutosha, mithili ya tandiko linaloandaliwa mgeni ambaye hajulikani kama atafika.

Hapa pana jambo linalomstaajabisha hata mwanaisimu. Mwanzoni estrojeni huituliza pituitari isizidishe ujumbe wake. Lakini inapopanda sana na kubaki juu kwa muda wa siku mbili hivi, ujumbe ule ule uliokuwa wa kuzuia hugeuka kuwa wa kuhimiza. Pituitari humwachilia tarishi wake wa pili kwa wingi na kwa ghafla, na baada ya takriban saa 36 kifuko hupasuka na yai hutoka. Sisi tunaochunguza lugha twajua vyema kwamba kauli moja yaweza kubadilika maana kwa mkazo na muktadha. Kumbe mwili ulilijua hilo kabla yetu.

Kifuko kilichopasuka hakifi papo hapo. Hugeuka tezi ndogo ya rangi ya manjano inayotoa homoni ya projesteroni, ambayo kazi yake ni kulitunza lile tandiko. Mimba ikitunga, kiinitete nacho hutuma tarishi wake kuiambia tezi ile isiache kazi. Asipofika tarishi huyo, tezi hunyauka baada ya siku 14 hivi, projesteroni na estrojeni hushuka, na utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu uliokuwa umejificha mwilini, si laana, wala si ugonjwa. Ni matayarisho yaliyovunjwa ili yaanzwe upya.

Sasa turejee kwa yule binti wa 24 na 37. Sehemu ya pili ya mzunguko, kuanzia yai litokapo hadi hedhi ifuatayo, haibadiliki sana, nayo huwa karibu siku 14. Inayorefuka na kufupika ni sehemu ya kwanza, wakati kifuko kinapokua. Katika mzunguko wa siku 24, yai huenda lilitoka siku ya 10 au karibu yake. Katika ule wa siku 37, huenda lilitoka siku ya 23. Lakini kitabu kinasema siku ya 14, na mwanafunzi hukariri siku ya 14 ili apate alama zake katika mtihani. Katika miaka ya 1920, daktari Kyusaku Ogino wa Japani na mwenzake Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kwamba siku ya yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Nani basi awezaye kuhesabu kutoka siku ambayo bado haijafika?

Hili si suala la mtihani tu. Mbegu ya mwanamume yaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Msichana aliyekariri siku ya 14 na kujipangia "siku salama" kwa kuitegemea anaweza kushika mimba kwa siku ambazo damu haijakauka vizuri. Fauka ya hayo, kwa kuwa yai hutangulia hedhi, yawezekana msichana kushika mimba hata kabla hajavunja ungo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Sisemi kwamba chanzo cha mimba hizo zote ni hesabu mbovu. Umaskini, ulaghai na dhuluma ya watu wazima vina sehemu yao, tena kubwa. Nasema tu kwamba ujinga hauna sababu ya kuongezwa juu ya mzigo huo.

Taifa limefanya mambo ya kupongezwa. Mwaka 2004 Kenya iliiondolea sodo kodi ya ziada ya thamani, na mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo. Lakini sodo huipokea damu tu, haiielezi. Maelezo tumeyaacha katika vyumba vitatu visivyopitana. Mama na somo wana maneno ya sitira, mwalimu wa dini ana maneno ya twahara, na mwalimu wa Biolojia ana maneno ya Kiingereza. Binti huzunguka vyumba vyote vitatu na kutoka na swali lake lile lile mkononi, limekunjwa mara nne.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Nawasihi walimu wa Kiswahili na wa Biolojia waketi pamoja, waandae somo moja juu ya jambo hili kwa Kiswahili fasaha, na wavulana wasitolewe nje. Msamiati si kisingizio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuchapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nao wanafunzi wakiielewa safari ya tarishi kwa Kiswahili, wataweza kuwaeleza mama na bibi zao jioni, jambo ambalo mchoro uliokaririwa kwa Kiingereza hauwezi kulifanya.

Ama wewe uliyeandika karatasi ile, mwanangu, jibu lako nilikuwa nalo, nami nasikitika kwamba sikulitoa siku ile. Hizo hesabu mbili hazikufanyi mgonjwa. Katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, matarishi wa mwili bado wanajifunza njia, na mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Lakini siku zako zikikosekana kwa miezi 3, au damu ikizidi siku 7, au maumivu yakikuzuia kwenda shule, usinyamaze. Mwendee muuguzi. Na uendelee kuandika tarehe zako katika daftari, kwani daftari hilo linakujua kuliko kitabu chochote, na kuliko mwezi wa Uyombo.