Fahamu: Mtoto hubaki kwenye bima ya mzazi hadi lini?

Nchini Kenya, mzazi wa Suneka anayelipwa mshahara wa Sh40,000 hukatwa Sh1,100 kila mwezi, yaani asilimia 2.75, kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya awali, NHIF, Oktoba 2024. Makato hayabadiliki, awe na mtoto mmoja au sita.

Mtoto asiye na kipato hutibiwa kwa mchango huo mradi hajafika miaka 25. Akifika, hujisajili mwenyewe, hata kama bado anasaka kazi. Hapo ndipo panapouma: asiye na ajira hulipia mwaka mzima, angalau Sh3,600, na huenda akaishia kumrudia mzazi yuleyule amlipie.

Kwa kulinganisha, nchini Marekani, kwa sheria ya 2010, mtoto hubaki kwenye bima ya mzazi hadi miaka 26, hata akiwa ameoa au ameolewa.